Nifutie, Imejaa

Mwezi uliopita Fundi Chaula alikuja dukani kwangu Mwanjelwa. Sikumtambua upesi. Mtu aliyenifundisha kushika bisibisi, niliyemwacha Mafinga akiwa na mabega ya mbeba magogo, alisimama mbele ya meza yangu na fimbo, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi, anahema kwa sababu ya ngazi nne tu. Nikamwamkia kama ninavyomwamkia mzee yeyote. Akaitikia, akatoa simu mfukoni, akaiweka mezani taratibu, akasema, "Nifutie, imejaa." Kisha akanitazama. Hapo ndipo nilipomjua. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipomaliza kucheka nikajikuta nalia. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri vioo vyao wakaanza kunipa pole ya msiba.

Watu wa huku wananifahamu kwa ajili ya redio. Kila Jumamosi asubuhi nina nusu saa yangu ya kuongea habari za simu na kompyuta: simu gani imeingia sokoni na kama inafaa pesa yako, programu gani itamsaidia mkulima kujua bei ya mahindi, kwa nini chaji inaisha kabla ya saa sita. Wasikilizaji wananiandikia, mama, mbona kila wiki lazima uingize lile lako la kuhifadhi vitu mahali pawili? Hata ukiulizwa habari za kava la simu utamalizia na kuhifadhi. Ni kweli, nawachosha. Nina ubishi wangu na sitauacha. Lakini redioni sijawahi kusema nilikoutoa, kwa sababu ni aibu, na aibu ya fundi haitangazwi kwenye kipindi ambacho watu wanakisikiliza ili wamwamini fundi. Chaula alipoondoka siku ile nikaona kama nisipoisimulia sasa, sisi wawili tukifa imekwisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja nilipofika Mafinga. Ya kwetu nayaacha yalivyo. Duka la Chaula lilikuwa la mbao, kama karibu kila kitu pale mjini, limegongwa kwa mabanzi, zile mbao za pembeni zenye maganda ambazo viwanda vinazitupa, na ndani kuta zimebandikwa magazeti ya zamani ili kuzuia baridi. Baridi haikuzuilika. Asubuhi tulifungua mlango na ukungu ukaingia nasi kama mteja. Chaula aliweka jiko la mkaa chini ya meza ya kazi, katikati ya miguu yetu, na mpaka leo harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya ikichanganyika na moshi wa mkaa inanipeleka moja kwa moja kwenye lile benchi. Mchana, malori ya mbao yakipita na upepo ukitoka upande wa viwandani, maranda yalituingilia. Maranda ni ule unga na vipande vidogo vya mbao msumeno unavyovitema. Yaliingia kwenye chai, yakaingia kwenye nywele, ukivua sweta jioni unakung'uta kama umelala ghalani. Nilikwenda wiki ya kwanza nikidhani nitazoea. Sikuzoea, ila niliacha kulalamika.

Mwaka ule simu za kupapasa ndiyo zilikuwa zinaingia. Kabla ya hapo dunia ilikuwa ya vitochi, simu za vitufe zenye tochi kichwani, na kazi yetu kubwa ilikuwa kubadilisha vitufe vilivyofutika namba. Sasa ghafla watu wakaanza kuleta vioo. Alikuja mama mmoja akasema simu yake haipokei, mwezi mzima watoto wanapiga na yeye anaigonga gonga, inakata. Nikamshika kidole nikamwonyesha: haigongwi, inasukumwa pembeni, hivi. Aliisukuma kwa nguvu mpaka ikateleza mezani ikaanguka. Walikuja wapasua mbao ambao vidole vyao vimekuwa vigumu kwa kazi mpaka kioo hakiwasikii, wakilamba kidole kwanza ndipo wapapase. Wengi hawakuja kutengeneza chochote. Walikuja kuchaji na kuota moto, na mazungumzo yao ndiyo yalikuwa redio yangu. "Kitochi changu kimeangukia kwenye maji ya boila, nimekianika juani, jioni kinaita," alisema mmoja. Mwenzake mwenye simu mpya akajibu, "Hicho hakifungui picha." "Picha ya nini? Mke wangu nakutana naye nyumbani." Walicheka, na Chaula aliyekuwa ameinama kwenye kazi naye akacheka bila kuinua kichwa.

Saa saba mke wa Chaula alileta chakula. Tulisogeza simu upande mmoja na vijiko upande mwingine, tukala palepale mezani: makande yenye maharage mengi, au ugali na mboga ya mnafu, na parachichi wakati wake, nusu kwa nusu, tunachota kwa kijiko na chumvi. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, alileta na kidumu, ule ulanzi mtamu wa asubuhi ambao haujachacha bado, akasema ni juisi. "Kunywa, Tusekile," aliniambia, "hapa hakuna ndizi zenu." Kila siku ndizi. Wanyakyusa tukitaniwa ni ndizi tu, na mimi mdomo ninao, nikamjibu kwamba kwetu mianzi tunaifanya uzio, hatuinywi. Nilifurahi mwaka ule kuliko nilivyojua. Ukiwa kijana unadhani furaha ni kitu kitakachokuja na mshahara.

Chaula hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alikuwa na sheria moja ambayo aliitaja kila siku. "Mteja akikwambia jambo, mrudishie neno lake. Lake, siyo lako. Usiongeze, usipunguze. Akikubali, fanya." Aliipata, alisema, baada ya kumfungulia mtu simu nzima kumbe alitaka kuongezewa sauti ya mlio. Niliona ni sheria nzuri. Niliishika kama amri ya Mungu.

Mwalimu Mlowe alikuja Jumatatu moja, Chaula amekwenda Makambako kufuata vifaa na kuniachia duka kwa mara ya kwanza. Nilimjua kwa sura tu. Kiwandani alikuwa mnoa misumeno, na mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu. Nje ya kiwanda alikuwa mwalimu wa kwaya katika usharika wa Kilutheri uliokuwa ukijenga kanisa jipya pembeni mwa mji. Alikuwa mtu mpole, mrefu, maranda yamemkaa hata kwenye kope.

"Kamwene, binti."

"Kamwene, baba. Karibu."

"Nina haraka, nimeomba ruhusa ya nusu saa. Naomba unifutie hii simu. Imejaa."

"Imejaa, baba?"

"Imejaa mno. Hata kuimba haiimbi tena, inakoroma tu."

Simu iliyojaa vitu huwa inakwama kweli, na mimi nilikuwa nimeziona nyingi wiki ile. Nikakumbuka sheria, nikamrudishia neno lake. "Kwa hiyo nifute?"

"Futa."

"Nifute vyote vilivyomo ndani?"

"Vyote, binti. Usiniachie hata chembe."

"Na kwenye kadi je?"

Alinishangaa kidogo. "Kama imefika mpaka huko, toa."

Chembe. Nani anasema chembe kwa picha na nyimbo? Na alisema imefika, kama kitu kinachotembea. Miaka yote hii nimelirudia neno hilo kichwani, na kila mara nalisikia vizuri, ila siku ile nilisikia nilichokuwa tayari kukisikia. Aliondoka. Nikairudisha simu ilivyotoka kiwandani, nikaichomoa kadi ya kumbukumbu nikaifomati na kuirudisha, haikuchukua hata dakika kumi. Ndipo nikaijaribu sauti. Inakoroma. Nikafungua kifuniko, nikachukua sindano na brashi ya meno, nikatoa maranda kwenye spika, nikatoa mengine kwenye tundu la chaji, yakajaa kifuniko cha chupa. Niliyaona kwa macho yangu mawili na bado sikuelewa. Nilijisifu kwamba nimemfanyia na la ziada. Nikarekodi kujaribu tena, nikasikiliza, nikapenda sauti yangu, nikarekodi nyingine ndefu, nikiwa peke yangu dukani na furaha imenipanda kichwani.

Alirudi saa saba na nusu. Akapapasa, akapapasa tena. "Sauti ziko wapi?"

"Sauti gani, baba?"

"Sauti zangu. Nyimbo."

"Si ulisema nifute vyote?"

Hakupandisha sauti. Alitoa leso mfukoni, akaishika kwa vidole vyake vitatu, akakifuta kioo cha simu polepole kutoka juu mpaka chini, kisha akanyanyua leso nione vumbi lililobaki. "Kufuta," alisema, "ni hivi." Akaketi kwenye benchi la wapasua mbao. Makande yangu yalikuwa mezani yanapoa na sikuthubutu kuyasogeza.

Ndipo akanieleza alichokuwa nacho mle. Hakujua nota, na tangu aumie mkono hata kuandika kulikuwa kunamchosha. Alitunga kwa kuimba. Wimbo ukimjia akiwa kwenye mashine, aliingia stoo saa ya chakula akaurekodi kwenye simu: sauti ya kwanza ya akina mama, ya pili, ya tatu, ya nne ya besi, moja moja, zote kwa koo lake. Kisha aliwachezea waimbaji kila kundi sauti yake, nao wakaishika. Kwa Jumapili ya kuwekwa wakfu kanisa, wiki tatu mbele, alikuwa na wimbo mmoja. Sauti ya kwanza, ya tatu na ya nne waimbaji walikuwa nazo tayari vichwani. Ya pili alikuwa ameipata Jumamosi iliyopita. Hakuna aliyeisikia. Alikuwa aifundishe siku ileile jioni, na alileta simu kwa sababu spika imezibwa na maranda na wasingesikia vizuri.

"Si unaweza kuikumbuka, baba?" niliuliza. Nilikuwa nimeanza kulia.

"Sauti ya pili hainikai. Hizo nyingine natembea nazo. Ya pili inakuja mara moja, na huwa naikamata ikiwa moto. Hii ilikuja vizuri, binti. Sijawahi kuipata namna ile."

Chaula aliporudi nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Alisikiliza akiwa bado na mfuko wa vifaa mkononi. "Ulimrudishia neno lake?"

"Nilimrudishia. Mara tatu."

Aliuweka mfuko chini. Nilitegemea anifukuze, na angenifukuza nisingemlaumu. "Basi sheria ndiyo mbovu," alisema mwisho. "Mrudishie kwa neno lako, siyo lake. Angekusikia unasema picha na nyimbo, angekukataza." Akaichukua simu, Mwalimu alikuwa ameiacha mezani, akaizima, akatoa kadi akaifunga kwenye karatasi. Alinieleza kitu ambacho leo nakieleza redioni kila Jumamosi: ukifuta ubaoni kwa dasta, maandishi ya chini bado yanaonekana kidogo, mpaka uandike mengine juu yake. Kadi nayo ni hivyo. Ukikosea kufuta usipige picha, usirekodi, usiguse kitu. "Umeigusa tangu ulipofuta?"

Nikamwambia nimerekodi. Mara ngapi? Nikamwambia mara mbili, ya pili ndefu. Alifumba macho.

Kesho yake alinituma Mbeya na kadi ile nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya nguo. Mwanjelwa, juu ya duka la viatu vya mitumba, palikuwa na kijana anaitwa Gwakisa mwenye kompyuta mbili na programu ya kufufua vilivyofutwa, ambayo Chaula aliisikia kwa watu. Chumba kilikuwa kidogo, kimejaa nyaya, dirisha linatazama sokoni, na kelele zote za wauza nyanya, kwa Kinyakyusa chetu, zinapanda juu. Nilijisikia nyumbani na sikutaka kujisikia nyumbani. Gwakisa aliichomeka kadi, akabonyeza, ukatokea mstari wa kijani unaotambaa. Ulitambaa kuanzia asubuhi. Aliagiza wali na maharage, nikaisukuma sahani pembeni. "Dada, kula, mstari hauongezi mwendo kwa kutazamwa," aliniambia.

Saa tisa vilianza kutokea, mafaili yasiyo na majina, namba tupu. Tukayafungua moja moja. Misumeno inalia, mtu anakohoa, besi ya wimbo wa Krismasi. Kisha mlango wa stoo unafungwa, na Mwalimu Mlowe anasema kwa aibu ya mtu anayejisikia mwenyewe, "Sauti ya pili." Akaanza. Sijui muziki, sikuwa mwimbaji hata siku moja, lakini nilisogeza kiti karibu na kompyuta. Aliipandisha sauti yake nyembamba kama ya mama anayembembeleza mtoto na hataki majirani wasikie. Ilikwenda chini ya nyimbo zote nilizowahi kusikia kanisani, haikuwa inaifuata sauti ya kwanza, ilikuwa na njia yake. Ikafika mahali ikaanza kupanda, na nikajua inakwenda mahali.

"Haloo, haloo. Moja, mbili. Fundi Chaula hayupo. Leo mimi ndiye fundi."

Ilikuwa sauti yangu. Ikafuata kicheko changu, kirefu, cha mtu anayejipenda, kisha mkwaruzo, kisha Mwalimu Mlowe tena, tayari ameshashuka, anamalizia. Gwakisa aliangua kicheko. Akanitazama, akakiacha. Alijaribu mpaka jioni kwa kila njia aliyoijua, lakini pale nilipojiandika mimi hapakuwa na kitu chini yake.

Tulimsikilizisha Mwalimu Mlowe siku iliyofuata, ndani ya lile kanisa jipya lisilo na madirisha bado, tumeketi kwenye mbao zilizopangwa. Aliposikia mwanzo alitabasamu. Ilipofika kwangu hakunitazama. Aliomba irudiwe, ikarudiwa, na kila mara nilitangaza mbele yake na mbele ya Chaula kwamba mimi ndiye fundi. Baada ya hapo kwa wiki mbili nilikwenda kila jioni kwenye mazoezi, hakuna aliyeniita, nilikwenda tu na kukaa nyuma. Nilimwona akifumba macho na kuanza pale sauti ya pili inapopanda, anakwenda hatua mbili tatu, anatikisa kichwa. "Siyo." Anaanza tena. "Siyo hiyo." Mama mmoja wa sauti ya pili, mzoefu, akamwambia, "Mwalimu, tuweke hata chochote, watu hawatajua." Akamjibu kwa upole kwamba yeye atajua. Siku nne kabla ya Jumapili, alisimama mbele yao akasema, "Hapo sauti ya pili mtanyamaza. Nitawahesabia kwa mkono. Mtarudi pale ninaposhuka."

Jumapili hiyo kanisa lilijaa mpaka nje, askofu amekuja, harufu ya mbao mpya na ya vanishi imetawala. Nilisimama ukutani na Chaula na mkewe. Wimbo ulianza na ulikuwa mzuri, nasema ukweli, ulikuwa mzuri sana. Ukapanda, na akina mama wa sauti ya pili wakafunga midomo. Sauti ya kwanza ikabaki imetundikwa juu peke yake, sauti ya tatu na besi mbali chini, na katikati pengo. Watu waliacha kujipepea. Nilimwona bibi mmoja ameweka mkono kifuani. Mwalimu Mlowe alihesabu kwa vidole vyake vitatu, akashusha mkono, sauti ya pili ikarudi, na kanisa zima likashusha pumzi. Baadaye askofu akasema kwenye mahubiri kwamba kwaya imewafundisha kunyamaza mbele za Mungu, na watu wakaitikia amina.

Tulikula nje, pilau kwenye sahani za plastiki. Kila aliyepita alimshika Mwalimu Mlowe mkono na kumsifia pale kimya. Chaula alinigusa bega akanong'ona kwamba Mungu amenisitiri, na nilitaka sana kuamini hivyo. Nikaenda kumsalimia, nikapiga goti kidogo, nikampongeza.

"Asante, binti," alisema. Alisogea ili nikae karibu naye. "Wote wanakisifia kile kimya. Askofu ameniuliza nimejifunza wapi."

"Wimbo umewagusa watu, baba."

"Umewagusa." Aliichanganya pilau yake kwa kijiko, hakula. "Lakini mimi na wewe tunajua pale palikuwa na kitu."

"Ndiyo, baba."

"Kilikuwa kizuri, binti," alisema. "Ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote."